Jaji wa Nyuma ya Mlango

Ko, ko, ko. Fimbo juu ya sakafu ya mbao, kisha sauti nyembamba ya kizee: "Simameni wote."

Hata leo mtu akigonga kwa mpangilio ule, magoti yangu yananyooka yenyewe. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimechuchumaa sebuleni, katika nyumba moja ya zamani kule Morningside, Durban, nafuta vumbi miguu ya meza. Niliposikia ile amri nikasimama wima, kitambaa mkononi, kama askari aliyefumaniwa na kuku wa watu. Bibi mwenye nyumba akaingia na gauni lake la kulalia, akanipita, akasimama mbele ya picha iliyotundikwa juu ya kabati la vyombo, akaiambia, "Habari za asubuhi, mheshimiwa. Mvua tena." Halafu akanigeukia. "Wewe unaweza kuendelea. Mahakama imeanza."

Sikuwa na wa kumuuliza kulikoni. Nyumba nzima tulikuwa watatu: mimi, yeye, na yule bwana wa kwenye fremu.

Picha yenyewe haikuwa kubwa, kiasi cha sinia la pilau, lakini fremu yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, pana, imechongwa majani na zabibu, nzito kama mlango wa friji. Ndani yake amekaa mzungu mwenye koti la kijivu la vifungo safu mbili, ndevu zimechongoka kama za mbuzi aliyetoka kunywa uji, na mkono mmoja ameuingiza kifuani ndani ya koti, kama mtu wa mjini anayehakikisha simu yake bado iko. Macho yalikuwa yale ya kukufuata. Nikifagia kushoto, yupo. Nikifagia kulia, yupo. Wiki ya pili nilimwambia, kwa Kiswahili ili lisiwe tusi, "Mzee, hata ukinikodolea namna gani, vumbi ni langu na mshahara ni wangu." Hakujibu. Majaji ndivyo walivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na shule yangu ilikuwa imeishia darasa ambalo silitaji mbele za watu. Asubuhi tatu za wiki nilipanda taksi, ndizo daladala za huku, kutoka Sydenham kwenda kumsafishia yule bibi. Mchana nilirudi saluni kwa tantine, mdogo wake mama, aliyenilea tangu tulipovuka mipaka yote ile kutoka Congo. Njiani nilikuwa naota. Mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Wenzangu kwenye taksi wanahesabu chenji ya dereva, mimi niko mbali, nimeshafungua saluni yangu ya vioo ukuta kwa ukuta, na wateja wanashuka kutoka kwenye ndege. Nimepitilizwa kituo mara nyingi kwa ajili ya saluni hiyo.

Yule bibi alinikataza kumwita madamu. Alisema madamu alikuwa mama yake, na hawakuwa wakipatana. Nikamwita Gogo, kama wanavyoitwa mabibi wote Durban, weusi kwa weupe, naye akaridhika. Kiingereza changu kilikuwa cha saluni na Kizulu chake kilikuwa cha kununulia mboga, lakini mtu mpweke na mtu mdadisi hawakosi lugha.

Habari za jaji alinipa kidogo kidogo, mimi nikisugua vijiko vya fedha, yeye akinywa chai. Alikuwa babu wa bibi yake, mtu wa Marekani, huko Kusini, zamani za farasi na taa za mafuta. Mara ya kwanza aliposema jaji alikuwa askari wa Kusini nilidhani ni Kusini hii yetu, nikamuuliza kama alikaa Durban au Cape Town. Gogo akacheka hadi akashika meno yake ya bandia yasimtoroke. Akanieleza kwamba zamani Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini.

"Juu ya nini?" nikamuuliza.

"Mambo mengi," akasema, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Baba yake jaji alikuwa na shamba kubwa la pamba. Gogo akifika kwenye shamba hilo alikohoa kidogo na kuliruka, kama dereva anavyokwepa shimo analolijua. Kijana akaenda vitani akiwa na umri wangu, juu ya farasi wake, na nyuma yake mtu wa shambani kwao wa kumbebea blanketi na kumpikia. Vita wakashindwa. Akarudi kwa miguu, kiatu kimoja. Mjomba wake akamkalisha ofisini asome vitabu vya sheria, akawa wakili, na alipoota mvi akawa jaji. Kortini alikuwa maarufu kwa kusinzia. Karani alikuwa na kazi ya kuangusha kitabu kizito kila ilipofika saa ya hukumu. Na mwishowe, mzee mzima, jaji mwenye joho lake, alipomwita mchoraji aje kumchora, alitoa sanduku chini ya kitanda akavaa sare ya ile vita aliyoshindwa.

Hapo ndipo nilipompenda kidogo, kwa upuuzi wake. Durban alifika baada ya kufa. Mjukuu wake aliolewa na fundi wa meli, meli ikaharibika ikaletwa bandarini hapa kutengenezwa, wakakaa, wakazoea, na babu akafunguliwa kutoka kwenye shuka alimofungwa.

Hadithi kama hiyo huwezi kukaa nayo peke yako. Siku ilipokamilika, mchana ule ule niliipeleka saluni.

Saluni yetu ni gereji. Gari la mwenye nyumba liliuzwa, viti viwili vikaingia, kioo kimoja, redio, na bango la bei. Ina desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Pakitokea kesi, mume kafanya hivi, mwenye nyumba kasema vile, jirani kachukua hiki, hakimu ni mteja aliye kitini ambaye kichwa chake kimesukwa nusu. Tantine ndiye aliyeianzisha, na sababu yake ni nzuri: mtu wa kichwa nusu hawezi kukasirika akatoka. Atasikiliza pande zote atake asitake. Anayeshitaki na anayeshitakiwa wanaleta kinywaji, hakimu anakunywa kwanza, na akishahukumu hakuna rufaa, kwa sababu baada ya hapo anamalizwa nywele na kwenda zake.

Siku ile nilisimulia kwa furaha tu, hapakuwa na kesi. Nilipofika kwenye sare, tantine akasimamisha vidole.

"Alishindwa, halafu akajichoresha na sare?"

"Ndiyo, tantine."

"Eish. Kwetu mwenye kushindwa anavua sare anatupa mtoni, anaenda kwa mama wa watu kuomba pagne ajifunge kama mwanamke." Akacheka, na mimi nikacheka, lakini vidole vyake vilichelewa kurudi kichwani mwa mteja.

Nilijua kwa nini. Chumbani kwetu, nyuma ya mlango, iko picha ya kaka yao mkubwa, mjomba wangu marehemu, ndani ya sare, na vitenge vya tantine vimetundikwa juu yake. Mlango ukiwa wazi huioni. Ukifungwa, ukasogeza vitenge, yupo, kijana mwenye masikio makubwa. Durban hii tunasuka watu wa kila upande, na baadhi yao wanatoka vijiji ambavyo kikosi chake kilipita. Tantine anasema alikuwa mpishi wa jeshi. Katika familia zetu kila askari niliyesimuliwa alikuwa mpishi. Sijui basi risasi zilikuwa zinapigwa na nani.

Basi miezi ikaenda hivyo, Gogo na mahakama yake ya asubuhi, mimi na vijiko vyangu. Kisha asubuhi moja ya Jumatatu sikusikia ko, ko, ko.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya picha, amevaa tayari, fimbo magotini. Nyonga yake ilikuwa imemshinda. Mwanawe wa pekee, anayeishi Australia, alikuwa amepanga kila kitu kwa simu: nyumba imepata mnunuzi, na mama amepata chumba katika nyumba ya wazee, huko huko Morningside, mtaa wa pili. Kitanda, kabati, dirisha, na wauguzi mchana na usiku. Vyombo vigawiwe. Na yule mzee wa ukutani, mwanawe alisema, atupwe. Ni aibu.

"Keti," Gogo akaniambia. "Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kama mfanyakazi."

"Nikujibu kama nani, Gogo?"

"Kama mtu atakayeniogesha."

Nikaketi ukingoni mwa kiti.

"Kule wauguzi ni wasichana kama wewe. Watanivua nguo, wataniogesha, watanigeuza kitandani kama mkate. Na huyu atakuwa ukutani na koti lake. Siku hizi kila mtu ana simu. Watauliza koti hili ni la nani, na simu itawaambia. Walikuwa wanapigania kubaki na watumwa. Haya, nimelisema." Alilisema akiitazama picha badala ya kunitazama mimi. "Watanichukia? Watakuwa na mikono mizito?"

"Sijui, Gogo." Na kwa kweli sikujua. "Mwache basi. Mpe mtu wa vitu vya kale."

"Nilikuwa na miaka sita baba yangu alipopanda meli asirudi. Mama hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Nikawa naongea na huyu. Jino lilipotoka, mchumba alipokuja, mume wangu alipokufa. Nimemwambia kila kitu tangu utoto, na hata siku moja hajanikatiza." Akagonga sakafu kidogo na ncha ya fimbo, bila nguvu. "Nikimwacha, nitaongea na nani? Na kabati?"

Mimi machozi yangu yako karibu. Nililia kwenye taksi hadi mama mmoja wa Kizulu akanipa tishu na kuniambia hakuna mwanaume anayestahili hivyo. Nikamshukuru. Kueleza kwamba mwanaume mwenyewe alikufa zamani na ana ndevu za mbuzi ningeshindwa.

Saluni nilimkuta Mama Mchungaji kitini. Ni mke wa mchungaji wa kanisa letu, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamsha maiti, na alikuwa ametaka zile rasta nyembamba kama nyuzi ambazo haziishi siku moja. Upande wa kulia ulikuwa tayari, upande wa kushoto ulisimama kama moshi. Hakimu kamili.

Nikanunua Fanta mbili, moja kwa niaba yangu na moja kwa niaba ya Gogo, nikazifungua mbele yake.

"Mama Mchungaji, nina kesi."

"Mume?"

"Hapana. Mzungu. Amekufa."

"Hiyo nzuri," akasema, akavuta kiti vizuri. "Hatabishana."

Nikaeleza: jaji, mbeba blanketi, sare, Gogo, nyonga, wauguzi, chumba. Swali ni moja, aende na Gogo au asiende. Kaka muuza simu, Mtanzania mwenye duka la pembeni, akasogea mlangoni kusikiliza, kwa maana biashara ilikuwa imelala.

"Atupwe," yeye akasema hapo hapo. "Mtu alipigania utumwa, mnamfanyia kikao cha nini?"

"Wewe una nywele?" Mama Mchungaji akamuuliza.

"Sina."

"Nyamaza. Korti ya nywele." Akanywa. "Binti yangu, kwanza nijibu. Yule aliyembebea blanketi, jina lake nani?"

Nikakodoa macho. "Gogo hajasema."

"Farasi je? Alikuwa na jina?"

Farasi nilimjua jina. Gogo alikuwa amelitaja siku ya kwanza bila hata kufikiri. Nikalitaja.

"Aha," akasema Mama Mchungaji. "Na watu weusi waliopelekwa mbele yake, alipokuwa jaji. Aliwafanyia nini?"

"Sijui."

"Basi unaniletea kesi ya jaji na hukumu zake huzijui? Nenda kaulize. Tunaahirisha." Akajifunga kitambaa juu ya ile nusu iliyosimama, akamalizia Fanta ya Gogo pia, akaenda nyumbani kumpikia mchungaji. Tantine alikuwa amekubaliana naye amalizie Jumatano.

Jumatano asubuhi nilikuta masanduku ukumbini. Nikamuuliza Gogo lile la kwanza, jina la mbeba blanketi. Alikuwa na kikombe chake mkononi.

"Hakuna aliyewahi kunitajia," akasema. "Tulimwita mbeba blanketi tu." Kisha, kama mtu anayejitetea, "Na mimi sikuwahi kuuliza. Farasi niliuliza."

Nikamuuliza la pili. Akatabasamu, akasema hilo analijua, kwao lilikuwa likisimuliwa kila Krismasi. Akaweka kikombe, akaanza kwa sauti ya karamu, mikono inaruka. Siku moja, mtu mweusi aliletwa kortini kwa kuiba kuku. Jaji akaamshwa na kitabu, akamhukumu kifungo kirefu cha kupasua mawe ya barabara. Mtu yule akamwambia, mheshimiwa, mke wangu ni mgonjwa na yuko mbali, atanifikiaje? Na jaji akamjibu, mwambie asubiri tu, wewe ndiye utakayemtengenezea barabara.

Alifika kwenye neno barabara na mikono bado iko juu. Hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka, nadhani. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi. Mikono yake ikashuka polepole hadi mapajani.

"Nimeisimulia mara ngapi," akasema. "Sijawahi kuisikia."

Nilimtengenezea chai nyingine, na hii nikaitia sukari.

Mchana korti ikakaa. Kitambaa kikafunguliwa, nusu ikasimama. Kaka muuza simu alikuwa ameleta kiti chake mwenyewe. Nilisimulia vile vile nilivyosikia, hadi barabara. Hakuna aliyecheka. Kaka muuza simu akatoa sauti puani. Tantine aliendelea kusuka, lakini Mama Mchungaji akakunja uso.

"Mama, unanivuta," akamwambia tantine.

"Pole."

"Huyu mzee iko mubaya," Mama Mchungaji akasema. Hasira zikimpanda, Congo inamrudia mdomoni. "Tena mubaya ya kuchekesha watu, ambayo ndiyo mbaya zaidi."

"Si nilisema," kaka akaanza.

"Bado huna nywele." Akafikiri, akichezea kizibo cha Fanta. "Lakini anayehamishwa siyo yeye. Anayehamishwa ni bibi. Tukimtupa mzee, nani amefungwa? Bibi. Amefungwa na kabati. Na tukimweka ukutani juu ya kitanda, kila binti wa watu atakayekuja na beseni, na yeye ataogeshwa kwa hayo macho. Sasa hapo sioni njia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema haoni njia.

"Nyuma ya mlango," akasema tantine.

Hakuinua macho. Alikuwa anagawa nywele kwa ncha ya kitana.

"Nyuma ya mlango namna gani?"

"Muuguzi akiingia anafungua mlango, mlango unamfunika mzee. Hamwoni. Akitoka anafunga, bibi anabaki na mtu wake." Akachovya kidole kwenye mafuta. "Watu wanafanya hivyo."

"Watu gani?" kaka muuza simu akauliza.

"Watu," akasema tantine.

Nilimtazama kwenye kioo na yeye akanitazama kwenye kioo, kidogo tu, na nikageuka kuokota nywele sakafuni ambazo hazikuwepo.

Mama Mchungaji akapiga mkono wa kiti kwa furaha. "Hukumu. Moja, mzee aende, lakini nyuma ya mlango, huko anakokaa ufagio. Alizoea kukaa juu ya watu. Mbili, avuliwe hiyo dhahabu. Askari wa kushindwa hana haki ya dhahabu. Tatu, bibi akimsimulia, aanze na mtu wa blanketi, na ile ya barabara asiiseme tena kama kichekesho. Kama ataisema, aiseme kama matanga." Kisha akanielekezea kizibo. "Na mwambie hivi. Wale mabinti hawatamchukia kwa picha. Watamchukia siku atakayowaambia alikuwa mtu mzuri. Nimemaliza. Mama, malizia kichwa, mchungaji anasema nikija kanisani nusu tena anahubiri juu yangu."

Ijumaa nikampelekea Gogo hukumu. Alitaka kwanza kujua mahakama yenyewe.

"Jaji ni nani?"

"Mke wa mchungaji. Alikuwa amesukwa nusu."

"Amesoma sheria?"

"Ana mabinti watano, Gogo."

Akakubali kwamba hiyo inatosha. Nikamsomea vifungu vyote kwa kichwa, hata kile cha ufagio, maana hukumu haipunguzwi njiani. Kwenye dhahabu akacheka. Kwenye mtu wa blanketi akaacha kucheka. Alinitaka nirudie la mwisho, la mabinti na mtu mzuri, na nilipomaliza kulirudia alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Yeye hakuwa mtu mzuri," akasema, kama mtu anayejaribu kiatu. Akatembea nacho kidogo. "Hakuwa mtu mzuri, na nilimpenda. Inawezekana kuyasema yote mawili?"

"Kwetu yanasemwa," nikamwambia, ingawa kwetu yanatundikiwa vitenge.

Tuliivua fremu pamoja mezani, mimi na bisibisi, yeye akitoa amri. Bila dhahabu, jaji alipungua. Alikuwa ubao mwembamba tu wenye kitambaa, kingo zake chafu, na koti lilionekana limemkaa kubwa. Gogo akasema fremu ni ada ya mahakama, nimpelekee jaji mwenzake. Niliibeba kwenye taksi nimeivaa begani kama mkoba, na dereva akataka kunitoza nauli ya watu wawili. Sasa hivi imezunguka kile kioo chetu cha gereji. Kila mwanamke anayemaliza kusukwa Sydenham anajitazama katikati ya majani na zabibu za jaji, anageuza shingo huku, anageuza kule, na Mama Mchungaji kila akija anasema inamfaa yeye kuliko jaji mwenyewe.

Siku ya kuhama, chumba kilikuwa kama alivyosema: kitanda, kabati, dirisha linalotazama ukanda mwembamba wa bustani. Muuguzi aliyempokea alikuwa msichana mwenye kicheko, rasta zake zimesukwa vibaya nyuma, nikajizuia nisiseme. Akataka kumpeleka Gogo kupimwa uzito na kunywa chai na wenzake.

"Wewe fanya," Gogo akaniambia mlangoni. "Mimi sitaki kuona jaji anavyopanda." Nikawasikia wanaondoka kwenye korido, polepole, kwa mwendo wa ile nyonga, na muuguzi anamuuliza kama ana watoto, ana wajukuu, familia yake ni ya wapi.

"Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anabeba blanketi," nikamsikia Gogo akianza. "Jina lake silijui."

Sikusikia zaidi, walikata kona.

Nikatoa msumari mfukoni. Nyundo sikuwa nayo, na kibali cha msumari sikuomba. Nikavua kiatu changu cha kisigino, nikafunga mlango, nikapima kwa macho kimo cha bibi aliyekaa kitandani. Ko, ko, ko. Mlango ulikuwa wa mbao laini, ukakubali. Nikamtundika. Nikakaa kitandani mahali pa Gogo nione kama yuko sawa. Alikuwa ameinama kidogo kushoto, mkono kifuani, ananikodolea vile vile.

Nikasimama, kiatu kimoja mguuni, nikamnyoosha. Kisha nikafungua mlango hadi ukagusa ukuta, na chumba kikabaki na kitanda, kabati na dirisha.